Auzwe au Asiuzwe?

Nataka kuwaeleza habari ya mabishano tuliyokuwa nayo bwenini, na jinsi mabishano hayo yalivyonifuata mpaka nyumbani kwetu yakanikuta sina jibu.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2025, baada ya chakula cha jioni. Tulikuwa tumeketi juu ya vitanda tukizungumza habari za mpira, kama ilivyo desturi yetu. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo habari za mjini hutufikia kwa gazeti la michezo. Hulinunua mwenzetu yeyote aliyepata ruhusa ya kwenda Gongo la Mboto, nalo husomwa na vijana thelathini hata likachanika. Siku ile gazeti lilisema ya kuwa klabu za nje zinamtaka Clement Mzize, mshambuliaji wa Yanga. Mzize, kama mjuavyo, hakuja Yanga akiwa mtu mzima. Alitoka katika timu yao ya vijana, akapandishwa timu kubwa mwaka 2022, na katika msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 katika Ligi Kuu. Swali letu lilikuwa moja tu: auzwe, au asiuzwe?

Bweni likagawanyika. Safari hii halikugawanyika kwa Simba na Yanga kama siku zote, maana wana Yanga wenyewe hawakupatana. Washabiki wa Simba wote walitaka auzwe, tena hata kwa bei ya chini, ili mabeki wao wapumzike.

Upande wa "asiuzwe" ulikuwa na msemaji hodari, kijana mmoja wa Kidato cha Tano atokaye Tanga. Alisimama akasema, "Ndugu zangu, tazameni yaliyowapata Simba. Walikuwa mabingwa misimu minne mfululizo, toka 2017/18 hata 2020/21. Mwaka 2021 wakamwuza Clatous Chama kwa RS Berkane ya Moroko, na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri. Ubingwa ukahamia Jangwani, na misimu minne iliyofuata haukurudi Msimbazi. Fedha huliwa zikaisha. Mtu wa kufunga mabao hapatikani dukani."

Watu wakapiga makofi. Ndipo nikasimama mimi, maana nilikuwa msemaji wa upande wa "auzwe", na sikupenda kushindwa.

Nikasema, "Mwenzangu amesema kweli nusu. Mwaka 2023 Yanga walimwuza Fiston Mayele kwa Pyramids ya Misri. Je, ubingwa ulihama? La hasha! Msimu wa 2023/24 walitwaa tena, na Aziz Ki akafunga mabao 21. Basi si kuuza kulikowaponza Simba. Anayeondoka huacha nafasi, na nafasi hujazwa na aliyejiandaa." Kisha nikataja jina ambalo kila kijana wa Mbagala hulitaja akibishana. Nikasema, "Na Samatta je? Kama Simba wangemfungia mlango, tungemjua leo?"

Nikawasimulia habari zake kwa kuwa nazijua tangu utoto. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akachezea African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilipambana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mazembe walishinda, lakini walirudi kwao wakimkumbuka kijana wa miaka 18 aliyewasumbua, wakamnunua. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 Samatta akatajwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa nchi ile mwaka 2019. Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi, 2020, alifunga bao katika uwanja wa Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walifungwa 2 kwa 1.

Makofi yalikuwa mengi, nami nikavimba kichwa. Kama ningaliketi hapo, ningaliketi mshindi. Lakini nikaongeza maneno ambayo sasa nayaonea haya. Nikasema, "Mchezaji ni mali ya klabu, na mali huuzwa ingali na bei. Hata fedha zikikosekana, kijana na abadilishwe kwa wachezaji wawili waliokomaa. Kijana mmoja nje, watu wazima wawili ndani, kombe likapatikana mwaka huu huu. Ya kesho yatajulikana kesho." Bweni zima likacheka na kushangilia.

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa zamu. Tukanyamaza kimya, tukidhani tutaadhibiwa kwa ajili ya makelele. Kumbe alikuwa amesimama nje kitambo akisikiliza. Akaketi juu ya sanduku la mwanafunzi mmoja, akasema, "Hoja zenu nimezisikia, na zote zina maana. Nina swali moja. Kabla ya kuchezea African Lyon, Samatta alifundishwa na nani?"

Hakuna aliyejibu. Mimi niliyejua mpaka tarehe ya bao la Wembley, nilitazama chini.

Mwalimu akasema, "Basi mnabishana habari ya muuzaji na mnunuzi, na mleaji hamumjui." Kisha, kwa kuwa hupenda kusoma habari za michezo ya nchi za mbali, akatueleza juu ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Marekani na Kanada. Kila mwaka klabu za ligi yao kubwa huchagua vijana wa miaka 18 kwa zamu, na klabu zilizoshika mkia huwa na nafasi nzuri ya kuchagua mapema. Klabu yaweza kumchagua kijana leo, na baadaye ikambadilisha kwa mchezaji wa klabu nyingine, naye akafunga mizigo yake akahamia mji asioujua, mara nyingi bila kuulizwa. Washabiki wao hubishana vile vile kama sisi: tumtoe kijana huyu tupate mtu mzima wa kutupa kombe, au tumngoje akomae?

"Lakini angalieni jambo moja," akasema Mwalimu. "Hata hao wanaobadilishana vijana kama karata wana mahali pa kuwalelea. Kila klabu kubwa ina klabu ndogo inayoshirikiana nayo. Kijana asiyekuwa tayari hupelekwa huko acheze, akosee, arekebishwe, mpaka aive. Hawamketishi benchi miaka mitatu kisha wakasema hana kipaji. Sisi tunapenda kuiga biashara yao. Kwa nini tusiige kwanza malezi yao?"

Kengele ya kulala ikalia, mkutano ukaisha. Dirisha la usajili lilipofungwa, Mzize alikuwa bado Yanga, na mimi nikayasahau maneno ya Mwalimu. Nilikumbuka makofi tu.

Likizo ya Desemba ilipofika nilikwenda nyumbani Mbagala. Nina mdogo wangu wa kiume, umri wake miaka 15, na wakati ule alikuwa amemaliza mtihani wa Kidato cha Pili akingoja matokeo. Mchezo wake wa mpira unajulikana mtaani kwetu. Mguu wake wa kushoto ni mwepesi, na akiukokota mpira katika mchanga huwezi kudhani ni mchanga. Jioni watu wazima huacha bao na karata wakaenda kumtazama.

Siku ya tatu tangu nifike, alikuja nyumbani bwana mmoja amevaa vizuri, akafuatana na kocha wa timu ya mtaa wetu. Walimwamkia Baba, wakakaribishwa viti uani chini ya mwembe. Yule bwana alisema ametumwa na timu moja ya mjini ambayo inakusanya vijana. Alisema amemwona mdogo wangu mara mbili, na amempenda. Anataka kumchukua kambini mwezi wa Januari. Atalala huko, atakula huko, na atafanya mazoezi asubuhi na jioni. Baba atapewa shilingi laki tatu za shukrani, na timu ya mtaa itapewa jezi seti moja na mipira miwili. Kisha akatoa karatasi ya mkataba akaiweka juu ya meza.

Wasomaji, moyo wangu ulishtuka niliposikia habari ya jezi na mipira. Kijana mmoja nje, jezi na mipira ndani! Ni yale yale niliyoyashangilia bwenini, ila sasa aliyekuwa anabadilishwa alikuwa amesimama mlangoni, hana viatu, ananitazama kwa furaha.

Baba ni fundi seremala. Hakusoma sana, lakini hana haraka. Alimshukuru yule bwana, akasema, "Nipe siku tatu." Wageni walipoondoka akanipa ile karatasi akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Isome, unieleze ilivyo."

Nikaisoma mara mbili. Ilisema mkataba ni wa miaka mitano. Mahali pa mshahara palikuwa na mstari mtupu. Habari ya shule haikutajwa hata kwa neno moja. Ilisema kijana hataruhusiwa kuchezea timu nyingine yoyote bila ruhusa, lakini haikusema timu itampa nini akiumia. Nilimweleza Baba yote hayo. Akaniuliza, "Sasa wewe waonaje?" Mimi, msemaji wa bweni, sikuwa na la kusema. Kodi ya nyumba ilikuwa karibu, na laki tatu kwetu si fedha ndogo. Nikamwomba ruhusa ya kuja Pugu kutafuta ushauri.

Kesho yake nikapanda daladala mbili mpaka Pugu. Nilikwenda kwanza kwa yule mwalimu wetu, maana anakaa karibu na shule. Nilimwamkia, nikampa karatasi. Aliisoma polepole, akatoa kalamu akaweka alama mahali pawili.

Alama ya kwanza ilikuwa penye miaka mitano. Alinieleza ya kuwa kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufunga mkataba wa uchezaji unaozidi miaka mitatu. Tena haziruhusu kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ndiyo maana Kelvin John, aliyechezea Serengeti Boys katika mashindano ya Afrika ya vijana yaliyofanyika hapa Dar es Salaam mwaka 2019, alikwenda kwanza katika chuo kimoja cha Uingereza akasoma na kucheza, na Genk wakamsajili mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. "Hakuacha daftari ili aushike mpira," akasema Mwalimu.

Alama ya pili ilikuwa penye jina la timu ya mtaa wetu. Akaniuliza, "Timu hii imesajiliwa?" Nikamjibu kuwa sidhani, ni timu ya mtaa tu. Akatikisa kichwa, akachukua karatasi nyingine akanifanyia hesabu. Mchezaji akiuzwa kwa fedha kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei ile hugawiwa klabu zilizomfundisha toka alipokuwa na miaka 12 hata alipotimiza 23. Kila mwaka wa malezi toka 12 hata 15 una robo ya asilimia 1, na kila mwaka toka 16 hata 23 una nusu ya asilimia 1. Tuseme kijana ameuzwa kwa shilingi bilioni 1. Klabu iliyomlea toka miaka 12 hata 15, yaani misimu minne, hupata asilimia 1 kamili, ndiyo shilingi milioni 10. Lakini lazima iwe klabu iliyosajiliwa, na kijana awe ameandikwa humo rasmi. Kwa timu isiyo na daftari, malezi yake ni kama hayakuwako.

"Milioni 10 zingenunua jezi ngapi?" akaniuliza. Nikacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Kisha akaniambia habari ya Novatus Dismas, aliyelelewa katika kituo cha vijana cha Azam kule Chamazi, ambako kutoka kwetu si mbali. Azam hawakumweka kijana huyo akae akiwatazama wakubwa. Walimtoa kwa mkopo Biashara United ya Mara, akapata michezo, kisha akaenda nchi za nje: Israeli, Ubelgiji, Ukraine katika klabu ya Shakhtar, na mwaka 2024 akahamia Göztepe ya Uturuki. "Kuuzwa si kubaya," akasema Mwalimu, "na kutouzwa si kubaya. Uliza hivi: hapo aendapo atacheza? Atafundishwa? Akivunjika mguu atakuwa nani? Ukipata majibu matatu, mwambie baba yako atie sahihi."

Nilipotoka kwa Mwalimu nikashuka mnadani kumwona Mjomba. Mjomba ni dalali wa ng'ombe katika mnada wa Pugu, na kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijazaliwa. Nilimkuta amesimama kando ya zizi, fimbo mkononi, mavumbi yamemjaa mpaka kwenye kope. Nilimwamkia, nikamweleza shauri letu. Hakunijibu upesi. Alininyoshea fimbo kwenye kundi la madume wadogo, wamekonda, mbavu zaonekana.

Akasema, "Wale wameletwa toka bara. Mwenyewe angewalisha miezi michache wangenona, bei ingepanda sana. Lakini ana shida, kwa hiyo amewaleta hivyo walivyo. Mnunuzi atawapeleka malishoni, atawanenepesha, na faida itakuwa yake. Aliyewazalisha atapata kidogo, aliyewanenepesha atapata kingi. Sikulaumu biashara hiyo, mimi mwenyewe nakula humo." Kisha akashusha fimbo. "Lakini dume akifika hapa haulizwi lolote. Je, mtoto wenu mmemwuliza?"

Nikanyamaza. Kweli, katika siku mbili zile tulizungumza juu ya karatasi, juu ya laki tatu, juu ya jezi, hata juu ya FIFA, wala hakuna aliyemwita mwenyewe akakaa naye.

Usiku ule niliporudi, nikamwambia Baba maneno ya Mwalimu na ya Mjomba. Baba akamwita mdogo wangu, akamketisha, akamwuliza anataka nini. Akajibu bila kusita, "Nataka kwenda, Baba." Alipoulizwa habari ya shule, alikaa kimya, kisha akasema, "Nataka na shule pia, lakini kama ni kuchagua kimoja, nachagua mpira." Mama alikuwa jikoni, nikasikia sufuria imeanguka.

Siku ya tatu yule bwana alirudi. Baba alimwambia kwa upole ya kuwa yu radhi mtoto aende, kwa masharti matatu. Mkataba uwe wa miaka mitatu, si mitano. Mtoto aandikishwe Kidato cha Tatu katika shule iliyo karibu na kambi, na timu ilipe gharama zake. Na mkataba utiwe sahihi na kiongozi wa timu mwenyewe, pamoja na maneno ya matibabu akiumia. Laki tatu Baba hakuzitaja kabisa, nami nilijua zilivyokuwa zinahitajiwa.

Yule bwana alitabasamu, akakunja karatasi yake. Akasema, "Mzee, vijana wenye vipaji ni wengi hapa Mbagala." Akapanda bodaboda akaenda zake. Hakurudi tena.

Mdogo wangu hakunisemesha wiki mbili. Alikula upande wake, akalala amegeukia ukuta. Usiku mmoja, nilipodhani amelala, akaniuliza, "Kaka, Samatta alipotaka kuondoka, alikuwa na kaka msomi kama wewe?"

Wasomaji, swali hilo sijalijibu mpaka leo. Na ili nisiwafiche neno, nitasema na hili: kijana mwingine wa mtaa wetu alichukuliwa badala yake. Wazazi wake walitia sahihi, timu ya mtaa ikapata jezi na mipira. Nimesikia kuwa yuko kambini na anachezeshwa. Huenda akafika mbali, nami namwombea afike. Akifika, mdogo wangu atakuwa na haki ya kunitazama kwa jicho baya. Mtu akikataa jambo kwa ajili ya mwingine, hawezi kujua kama amemwokoa au amemzuia. Atajua tu kama aliuliza yaliyopasa kuulizwa.

Mimi sasa naona ya kuwa mabishano yetu ya bwenini yalianzia katikati ya hadithi. Tulianza siku klabu kubwa ilipokuja na fedha. Lakini hadithi ya mchezaji huanza uwanjani penye mchanga, kwa kocha asiye na mshahara, na kwa mama afuaye soksi. Klabu inayouza kijana mmoja hali ina wengine watatu wanaoinukia nyuma yake, haijapoteza kitu. Klabu inayouza kijana wake wa pekee kwa ajili ya shida ya leo imeuza mbegu. Na klabu inayomzuia kijana asiondoke, wala isimchezeshe, imemtendea vibaya kuliko zote mbili. Sisi washabiki hatuna neno juu ya mkataba wa mtu, lakini tuna neno juu ya subira. Kijana akikosa bao moja, ni sisi tunaopiga kelele atolewe, na kocha akituogopa humtoa. Kisha tunauliza kwa nini hatuna vijana.

Nisije nikaonekana nahukumu klabu za mjini tu, nitazame na nyumbani. Katika timu yetu ya shule, wachezaji karibu wote ni wa Kidato cha Tano na cha Sita. Kila mwezi wa Mei Kidato cha Sita huondoka, na nusu ya timu huondoka nao. Kisha Julai tunaanza upya, tukingojea bahati ya Kidato cha Tano wapya, kana kwamba tunangoja usajili. Na huku wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili kazi yao ni kuokota mipira iliyoingia vichakani! Humo miongoni mwao hakosi kuwako mtu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima, kwa walimu wetu wa michezo na kwa viranja wenzangu, mambo mawili. La kwanza, uwanja uachwe kwa Vidato vya Kwanza na vya Pili siku moja katika juma, Jumamosi asubuhi ikiwezekana, nao wawe na timu yao yenye nahodha wao. La pili, kila mchezo wa timu ya kwanza usio wa mashindano, wachezeshwe wadogo wawili, hata kama tutafungwa. Mimi nachezea upande wa kulia katika timu ya kwanza, na niko tayari kuwa wa kwanza kukaa nje. Kuna mdogo mmoja wa Kidato cha Pili ambaye nimemwona akipita watu. Nimekwisha kumwuliza kama anataka, naye amesema anataka.

Siku ya wazazi, Baba alikuja kunitembelea. Aliniambia mdogo wangu ameingia Kidato cha Tatu, na kwamba anachezea timu ya shule yake. Kisha akasema, "Amenituma kwako. Anaomba viatu vyako vya mpira." Nilifurahi sana, maana ndiyo mara ya kwanza aniombe kitu tangu Desemba. Nikavisafisha, nikavifunga katika gazeti la michezo, nikampa Baba. Najua vitampwaya, maana mguu wangu ni mkubwa kuliko wake. Baba alisema atamwekea matambara mbele mpaka akue.

Mabishano bado yako, na Jumapili hii yatakuwako tena. Nami nitabisha kama kawaida, maana mpira bila mabishano haunogi. Lakini mtu akisema "auzwe" au "asiuzwe", nitamwomba anieleze kwanza kijana huyo alilelewa na nani, huko aendako atacheza au ataketi, na yeye mwenyewe ameulizwa. Wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.